Treni Isiyohema

Mzee Makaa alitia makaa kwenye treni ya moshi kwa miaka thelathini. Jina hilo lilimganda hata baada ya kustaafu. Nyumba yake iko hatua ishirini tu kutoka relini. Bomba la maji liko ng'ambo ya reli.

Kila asubuhi mkewe alibeba ndoo, akasimama kando ya reli. "Baba Watoto, vipi?"

Mzee alitega sikio pale kibarazani. Treni ya moshi ilisikika tangu mbali. "Vuka. Bado iko mlimani inakohoa."

Hakuwahi kukosea.

Kisha ikaja treni ya umeme. Nyaya zilitundikwa, reli ya pili ikatandikwa, daraja la waenda kwa miguu likajengwa. Treni ya moshi ya mwisho ilivutwa ikauzwe chuma chakavu. Mlinzi wa reli alipita nyumba kwa nyumba.

"Hii haihemi, mama," alimwambia mke wa mzee. "Ukiisikia, imeshafika. Dereva akifunga breki hapa, itasimama kule shuleni, kilomita nzima. Piteni darajani."

"Ngazi zote zile na ndoo kichwani? Magoti yangu utayabeba wewe?"

Mzee Makaa alikunja uso. "Kijana, mimi nimekula na treni, nimelala na treni. Leo unifundishe treni wewe?"

Siku ya nne tangu treni hiyo ianze, mkewe alisimama na ndoo. "Baba Watoto, vipi?"

"Kimya. Vuka."

Hospitali walimkata mkewe mguu wa kushoto, juu ya goti.

Mlinzi alikwenda kuwapa pole. Hakuwakumbusha maneno yake. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Hebu nieleze tena."

"Usitegemee sikio, baba. Pita darajani, hata kama huoni kitu. Na treni moja ikishapita, usikimbilie kukatiza. Reli ni mbili. Ya kwanza inaweza kuificha nyingine."

Sasa mzee ndiye anayechota maji. Ngazi thelathini na sita kupanda, thelathini na sita kushuka. Akimwona jirani anakatiza relini, humfokea mpaka ageuke. Majirani walimcheka, kisha wakamfuata darajani. Tangu hapo hakuna mwingine aliyegongwa.

Mkewe hukaa kibarazani, magongo ubavuni. Mzee akitua ndoo, humtekea kikombe cha kwanza.

Mkewe hunywa taratibu, kisha humtazama. "Baba Watoto, leo umesikia nini?"

Mzee huchukua ndoo nyingine, akarudi darajani.