Cheko Hakuwa Msaliti

"Tunalima bustani moja, tunaingia maji ya mfereji mmoja, tangu tuoane. Mbona mimi sina vidonda? Mbona mimi sitokwi na damu?"

"Sijui, mume wangu. Wallahi sijui."

"Nitajie huyo mwanaume!"

Fundi wa pampu alisema hayo uani, mama yake akiwa amesimama mlangoni na majirani wametega masikio. Mkewe, ambaye watu walimwita Cheko kwa jinsi alivyopenda kucheka, alikuwa amekaa chini ameshika tumbo.

"Mwanangu, huyo ameshakuletea ugonjwa wa zinaa," mama mtu alidakia. "Mtoto hazai, magonjwa anayaleta. Unasubiri nini?"

Fundi hakusubiri. Alitupa nguo za mkewe nje. Cheko akazikusanya mojamoja, akaenda kwa dada yake.

Wiki zilipita. Siku moja ujumbe wa Cheko uliingia kwenye simu ya Fundi: "Daktari anataka kutuona wote wawili. Njoo, hata kama ni mara ya mwisho."

Alikwenda. Moyoni alikwenda kusikia jina la mwanaume.

"Mkeo ana kichocho, minyoo wa kwenye maji," daktari, mama wa makamo, alimwambia. "Kimeshambulia mpaka njia ya uzazi. Wengi hukidhania ugonjwa wa zinaa."

"Kichocho kwenye mfereji wetu? Mbona mimi mzima?"

"Wewe pia tutakupima, huenda unacho kidogo tu. Lakini watu wawili wanaweza kuingia maji yaleyale, mwili wa mmoja ukapambana na hao minyoo, wa mwingine ukashindwa. Sehemu ya tofauti hiyo mtu anazaliwa nayo, anairithi kwenye vinasaba vya wazazi wake." Akamgeukia Cheko. "Mama, kwenu kuna mwingine aliyeugua hivi?"

"Baba," Cheko alijibu taratibu. "Na shangazi. Shangazi naye aliachika. Hakuzaa."

"Atapona?" Fundi aliuliza.

"Dawa itaua minyoo. Makovu ndiyo yanabaki. Kuhusu mtoto, sitawadanganya. Itakuwa vigumu."

Kesho yake Fundi alikuwa kwa shemeji yake, amepiga magoti kibarazani mbele ya Cheko.

"Nipige, nitukane, ila turudi nyumbani."

"Mpigie mama yako kwanza."

Alipiga, akaweka sauti ya juu.

"Mama, mke wangu hakutembea na mtu. Ni kichocho, kakipata bustanini kwangu. Mimi ndiye niliyemsingizia."

Upande wa pili mama mtu alikohoa, kisha simu ikakatika.

Cheko alifuta machozi kwa kiganja.

"Ahsante. Nilitaka asikie kutoka kwako."

"Basi twende, mke wangu. Mtoto si lazima. Wewe unanitosha."

"Ungeniambia hivyo pale uani, Fundi, ningekufuata popote. Nilikuwa naumwa, nakutazama wewe tu. Ukanitazama kama takataka."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Ila nikifikiria kulala tena kando yako, mwili wote unatetemeka. Sitaweza."

Aliinuka kwa kujikongoja, akaingia ndani. Fundi akabaki pale amepiga magoti, analia kama mtoto, mpaka dada mtu alipotoka.

"Shemeji, inuka," alisema kwa upole. "Amejilaza. Muache apumzike."

Akarudisha mlango polepole, bila kuubamiza.