Mgeni wa Tatu Nyuma ya Pazia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Khue alimwagilia maua. Kwao vyungu vya maua havikukaa chini. Vilipangwa juu ya chanja za miti, na chini ya chanja maji yalisimama hadi magotini, kwa hiyo alipita kati ya safu kwa mtumbwi mdogo huku akirusha maji kwa kata. Desemba kazi iliongezeka maradufu. Mwaka mpya wa Tet ulikuwa unakaribia, na mji mzima wa Sa Dec ulitegemea maua yachanue wiki ile ile ambayo watu wangeyataka, si kabla wala baada.

Lakini Desemba ile, Khue akiwa na miaka kumi na miwili, hakuwaza maua. Aliwaza mchezo wa "Nani Huyu?"

Ilikuwa desturi ya shule yao. Kila ilipofika sikukuu ya wanajeshi, walimu walialika watu wanne mashuhuri wa mji. Hawa walikuwa watu ambao kila mtu aliwajua kwa kazi zao za leo, ila zamani, wakati wa vita, walitumika kwa namna ambayo watoto wengi hawakuijua. Mgeni alikaa nyuma ya pazia. Wanafunzi waliuliza maswali kuhusu mambo aliyoyafanya vitani, naye alijibu kwa kengele ya baiskeli: mlio mmoja ndiyo, miwili hapana. Darasa lililomtambua lilipata pointi. Lililokosea, pointi ilikwenda kwa wapinzani. Zawadi ilikuwa kapu la mabalungi, na heshima ya mwaka mzima.

Mwaka uliotangulia, wapinzani wao wa mkondo wa B walishinda. Bich, msemaji wao, ambaye nyumba yao ilipakana na ya kina Khue, hakuacha jambo hilo lipoe. Aliwahi kumwambia Khue kutoka upande wa pili wa ua uliotenganisha nyumba zao, akimenya balungi taratibu, "Mwaka huu tutawawekea maganda. Si vizuri mtu aende nyumbani mikono mitupu."

Darasa la Khue, la sita A, lilimchagua yeye kuwa msemaji kwa sababu ulimi wake ulikuwa mwepesi. Kazi ngumu ilifanywa na Thoai, jirani yake wa dawati, mvulana mpole aliyezungumza kana kwamba maneno yanauzwa. Kwa wiki tatu Thoai alizunguka mjini na daftari lake, akiwauliza wazee walifanya nini vitani. Wengine walimfukuza. Mzee mmoja alimmenyesha vitunguu saumu mchana kutwa ndipo akakubali kufungua kinywa. Daftari lilijaa, lakini halikusema ni akina nani kati ya watu wote wale wangealikwa.

Siku mbili kabla ya mchezo, Mwalimu Nhan alifika nyumbani kwa kina Khue kuagiza mashada manne ya maua ya wageni. Kila shada lilihitaji utepe wenye jina. Mwalimu alimwachia baba karatasi ya majina, akamwomba aitunze, maana humo nyumbani kulikuwa na mshindani. Baba alicheka, akaiweka chini ya birika la chai.

"Tepe nitaandika mwenyewe," alimwambia Khue. "Karatasi hii si ya macho yako."

Kisha mtu akamwita kutoka shambani kwamba pampu imeziba, naye akatoka.

Khue alijiambia kwamba ana kiu. Akanyanyua birika, akajimiminia chai, na macho yakashuka yenyewe. Majina yalikuwa manne, yamepewa namba. La kwanza Daktari Nghiem. La pili Mzee Luong, mwimbaji wa michezo ya jukwaani. La tatu Bibi Lieu, mpishi wa tambi za supu aliyefahamika hadi miji ya mbali. La nne Babu Khoi, mkulima wa mawaridi. Akarudisha birika pale pale lilipokuwa. Chai hakuinywa.

Hakumwambia mtu, hata Thoai. Kwa siku mbili Thoai alimsomea daftari wakati wa mapumziko, ukurasa baada ya ukurasa, naye aliitikia kwa kichwa huku akitazama pembeni.

Siku ilipofika, uwanja wa shule ulijaa. Shuka lenye maua mekundu lilitandazwa kwenye kamba mbele ya ukumbi, na wasemaji wawili walisimama kila mmoja na kibendera chake. Mgeni wa kwanza aliingia kwa mlango wa nyuma, vikasikika viatu tu. Bich aliuliza kama mgeni alikaa msituni wakati wa vita. Kengele ililia mara moja. Khue akainua kibendera kabla mlio haujaisha.

"Daktari Nghiem."

Daktari akatokeza kichwa juu ya shuka, nyusi zimepanda. Alieleza kwamba kweli alikuwa muuguzi wa hospitali ya msituni, na kwamba walichemsha mikasi katika sufuria ile ile waliyopikia wali. Darasa la sita A lilishangilia. Mgeni wa pili alipokaa, Khue alisubiri maswali mawili kwa heshima, kisha akamtaja Mzee Luong. Mzee akatoka akiimba ubeti aliokuwa akiwaimbia askari vitani, kwa sauti iliyopasuka kidogo, na uwanja mzima ukampigia makofi. Pointi mbili kwa bila. Bich alikuwa amenuna. Thoai alimtazama Khue kwa mshangao mkubwa, kisha akafungua daftari lake kutafuta ni wapi alipopitwa.

Mgeni wa tatu akaingia. Bich aliuliza kama alibeba bunduki. Kengele ikalia mara mbili. Khue aliona hakuna haja ya kuchelewa.

"Ni Bibi Lieu," alisema, na kwa kujionyesha akaongeza, "mpishi wa tambi za supu. Alikuwa akiwapikia wapiganaji."

Nyuma ya pazia mtu alikohoa, kikohozi kizito cha mwanamume aliyevuta tumbaku miaka arobaini.

"Nimeitwa majina mengi," ilisema sauti nene. "Kuitwa Bibi, hii ni mara ya kwanza."

Kicheko kilichofuata kilitikisa shuka. Kicheko kilikuwa hakijatulia pikipiki ilipoingia langoni, Bibi Lieu mwenyewe amekaa nyuma na sufuria kubwa imefungwa pembeni yake, akiuliza kwa sauti kama amechelewa, maana kuni zilikuwa mbichi na alikuwa ametuma ujumbe kwamba watangulize mwingine. Wanafunzi wengine walianguka chini kwa kucheka. Bich alijifuta machozi.

Mwalimu Nhan hakucheka. Alimuuliza Khue, polepole, ni nini kilichomfanya amtaje Bibi Lieu baada ya swali moja tu.

"Nilibahatisha tu, Mwalimu," Khue alijibu.

Mwalimu alimtazama kidogo, akaandika pointi kwa darasa la B. Basi mgeni wa tatu akasogeza shuka akatoka. Alikuwa Babu Khoi wa mawaridi, mrefu, mkavu, bado anachekelea. Kama ilivyokuwa desturi, alipewa kiti asimulie kazi aliyoifanya vitani.

Alisema hakuwahi kubeba bunduki. Alibeba mwanzi. Alikuwa na miaka kumi na saba, na kazi yake ilikuwa kupima kina cha mito na mifereji, ili wenzake wajue mahali pa kuvukia. Siku moja alitumwa kupima mfereji sehemu tatu. Sehemu mbili alipima. Ya tatu ilikuwa na matope na ruba, naye alikuwa na njaa, basi akakaa ukingoni akaandika namba kutoka kichwani. Namba nzuri tu, alisema, inayofanana na zile mbili. Mkuu wake aliipokea, akamsifu kwa kumaliza mapema.

"Watu thelathini walikuwa wavuke pale jioni, na majeruhi mabegani," alisema. "Nilikula wali wangu ukanikwama. Nikamwendea mkuu. Nikamwambia, namba ya tatu si ya mwanzi, ni ya kichwa changu. Nilidhani atanipiga. Alinipa mwanzi, basi. Nikarudi, nikautumbukiza. Haukugusa chini."

Babu Khoi alisema walivukia mahali pengine, wote thelathini, na kwamba mmoja wa wale majeruhi hununua mawaridi kwake kila mwaka mpya, akilalamika bei.

Watu walipiga makofi. Khue hakupiga. Alimwona Thoai akiandika haraka haraka, asikose hata neno, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Akajikuta ameshafika katikati ya uwanja.

"Mwalimu, sikubahatisha," alisema. "Niliona karatasi yako kwetu, chini ya birika. Baba alinikataza nami nikaangalia. Daktari na Mzee Luong sikuwatambua kwa akili. Niliwasoma."

Minong'ono ilipita kama upepo kwenye mpunga. Mtu fulani wa darasa lake alisema wameshaumbuka, na mwingine akamwambia anyamaze. Thoai aliacha kuandika. Khue hakuweza kumtazama, lakini alimwomba radhi hapo hapo, mbele ya wote, kwa sababu alizifanya wiki zake tatu za kazi ziwe bure.

Mwalimu Nhan alifuta pointi mbili za darasa la A, akawapa B. Tatu kwa bila. Mchezo ulikuwa umekwisha hata kabla ya mgeni wa nne. Na mgeni wa nne mwenyewe alikuwa amesimama hadharani akikoroga supu. Mwalimu alianza kusema kwamba basi watafunga shughuli.

"Kwa nini?" Bibi Lieu aliuliza. "Sura yangu wote mmeiona. Nilichofanya vitani hakuna anayekijua, hata huyu Khoi. Na kupika si jibu, nasikia msichana huyu alishakosea hapo. Haya, niulizeni. Kengele sihitaji, nina mdomo."

Mwalimu akakubali. Khue aliruhusiwa kuuliza, lakini jibu litolewe na Thoai. Bich aliuliza kama alikaa msituni, hapana. Alibeba dawa? Hapana. Khue akauliza kama alikuwa akiuza tambi mitaani hapa hapa mjini, wakati wa vita. Bibi Lieu akasema ndiyo. Askari wa pande zote mbili walinunua? Ndiyo, na wa upande ule walikopa hawakulipa.

Khue alifikiri. Wauza tambi wa mitaani hawapigi kelele. Mtoto hutangulia akigonga vijiti viwili vya mwanzi, na watu hutoka wakisikia. Akauliza, safari hii bila haraka, "Bibi, wewe ndiye uliyekuwa unagonga vijiti?"

"Nilikuwa na miaka kama yako. Ndiyo."

Thoai alikuwa ameshaanza kupekua daftari. Ukurasa wa mzee wa vitunguu saumu. Alisoma kwa kidole, kisha akasimama. Mzee yule alimwambia kwamba wakati wa vita wapeleka barua wa wapiganaji walijua kwa masikio kama njia ni salama, lakini hakueleza zaidi.

"Ulikuwa unawapa habari kwa kugonga," Thoai alisema. "Mdundo mmoja njia ni salama, mwingine kuna hatari."

Bibi Lieu aliweka upawa chini. Akachukua vijiti viwili vya kulia tambi, akagonga ukingo wa sufuria: taratibu, sawasawa, maana yake pita. Kisha haraka, kwa kukatakata: rudi. Kwa miaka minne, alisema, aligonga vile mbele ya askari wakila supu yake, na hakuna aliyeshtuka. Uwanja mzima ulisimama. Hata Bich alipiga makofi, tena juu ya kichwa.

Matokeo yakawa tatu kwa moja. Darasa la B lilichukua kapu la mabalungi na kulizungusha uwanja mzima, kisha Bich akaja na vipande, si maganda, akampa Thoai kwanza. Supu ililiwa na wote. Khue alijitolea kuosha mabakuli, yakawa sitini na tano, na Thoai akaja kufuta bila kuombwa. Alisema neno moja tu, kwamba mwakani waende wote wawili kwa yule mzee wa vitunguu saumu, kwa sababu mikono yake mwenyewe bado inanuka.

Babu Khoi alileta bakuli lake la mwisho, akachutama kando ya beseni.

"Baba yako utamwambia?"

"Leo, Babu. Nikifika tu."

"Vizuri. Kubahatisha si kosa, mjukuu wangu. Mimi hubahatisha mvua kila siku na kila siku nakosea. Kosa ni kumpa mwenzako namba ya uongo ukamwambia umeipima, kwa sababu yeye ataikanyaga akidhani ni ardhi. Ila mtu akisema mapema, mwanzi upo, maji yapo, hupimwa upya, na watu wakavuka."

Alisafisha meno kwa ulimi, akautazama mlima wa mabakuli.

"Hilo hapo bado lina mafuta," alisema, akaondoka akicheka.