Mkono Ulioganda Kifuani

Kila Jumamosi alasiri, binti mmoja aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Redio alikuwa na kazi asiyopenda kumwachia mtu: kumtayarishia bibi yake kompyuta. Jina hilo alibandikwa na kaka yake, kwa sababu akifumbua macho tu matangazo yameanza, na kitufe cha kuzima hakipo. Siku hiyo alipangusa meza, akafuta kioo cha kamera kwa upindo wa gauni, akamsogezea bibi kiti chenye mto.

Bibi alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa, na mdogo wake, yaani bibi mdogo, vivyo hivyo. Utotoni walijitungia lugha yao ya mikono, na baadaye nyumba nzima ikajifunza. Kiganja kifuani, maana yake "naumwa." Kiganja kifuani, kisha kikapeperushwa mbele kama mtu anayefukuza vumbi, maana yake "nimepona." Shule hawakubahatika kuiona, kwa hiyo ujumbe wa maandishi haukuwafaa. Na bibi mdogo alihamia mbali, safari ya siku mbili. Kompyuta ile ndiyo ilikuwa sebule yao.

Sasa kwa majuma kadhaa picha ilikuwa ikisuasua. Mkono unainuka, unaganda. Ukija kuyeyuka, maneno matatu yameshapita. Na leo haikuwa siku ya mchezo. Bibi mdogo alikuwa ametoka hospitali, amepasuliwa, na bibi alitaka kujua hali yake.

"Tatizo ni giza," alitangaza kaka, kijana wa sekondari aliyekuwa na majibu kabla ya maswali. "Kamera ikikosa mwanga hupiga picha kwa uvivu. Fungueni pazia!"

Pazia likafunguliwa. Bibi akang'aa kama bi harusi, lakini kwenye skrini bibi mdogo alibaki ameganda vilevile, mdomo wazi.

"Basi ni umbali. Kuta zinakula mawimbi."

Wakabeba kompyuta, meza na bibi na kiti chake hadi kando ya ruta, kile kijisanduku cha intaneti chenye taa za kijani. Wapi! Kaka akafunga kila kilichokuwa wazi kwenye kompyuta. Wapi!

"Fundi wetu, umebakiza kuipigia magoti," alisema mama, akifuta mikono kwa kanga. Kisha akageuka. "Na wewe Redio, mbona kimya? Umeishiwa betri?"

"Nipo tu, mama," alijibu Redio, akiangalia sakafu.

Nyuma ya jiko kulisikika kicheko. Wanafunzi wenzake walikuwa wamejipanga kwenye kibaraza cha nyuma, kila mmoja na simu ya mkubwa wake, wanatazama video za mpira na vichekesho. Nenosiri la intaneti aliwapa yeye. Tangu siku hiyo hawakumwita Redio tena, walimwita Mheshimiwa, na kwenye mchezo wa kamba hakuna aliyethubutu kumwambia azungushe.

Kaka akaichomoa ruta kwenye umeme, akasubiri kidogo, akaichomeka tena. Ghafla picha ikatiririka kama maji! Bibi mdogo akatabasamu. Akainua mkono, akauweka kifuani…

Picha ikaganda. Huko kibarazani simu zilikuwa zimeshaunganika tena.

Mkono ukabaki pale pale kifuani, halafu skrini ikawa nyeusi. Mama akampigia simu mjukuu anayeishi na bibi mdogo. Ikaita, ikaita, haikupokelewa.

Bibi alisimama, akashika goti lake bovu, akaingia chumbani. Redio alipochungulia alimkuta anakunja nguo na kuzitia kwenye begi, machozi yakidondokea nguo.

"Mama mkwe, utafikaje na goti hilo?" mama alimwuliza kwa mikono.

"Hata kwa kutambaa," mikono ya bibi ilijibu. "Mdogo wangu anaumwa."

Redio alimvuta mama kanga. Yeye wa maneno elfu, leo hata moja halikutoka kirahisi.

"Mama… kamera haina kosa. Wala kuta. Ni mimi. Niliwapa wenzangu nenosiri. Wote wako hapo nyuma."

Kaka akaruka. "Yaani mimi nahamisha meza kama punda, na wewe unaniangalia tu?"

"Ngoja wewe," mama alisema, kisha akamtazama binti yake. "Nenosiri ni neno na siri. Wewe siri umeigawa, sisi tumebaki na neno. Nenda kawaambie mwenyewe."

Alikwenda. "Kumbe Mheshimiwa hana hata wizara!" mmoja alimcheka, wakaondoka wakinung'unika. Iliuma, lakini alivumilia. Aliporudi, mama alikuwa amebadilisha nenosiri na kaka anapiga simu ya video upya.

Bibi mdogo akatokea, safi, hata mikunjo ya macho ilionekana. Akaweka kiganja kifuani, na safari hii kiganja kikaondoka, kikapeperuka mbele. Akarudia tena, kwa nguvu, kama anayemgombeza mtu mgumu wa kuelewa.

Bibi alicheka kwa sauti hadi mto ukaanguka.

Walipomaliza kuzungumza, Redio alipiga magoti mbele yake, akamweleza yote kwa mikono, polepole, bila kuruka kitu. Mikono ya bibi ikaanza kusema:

"Kugawa si vibaya, mjukuu wangu. Lakini ulichogawa kilikuwa cha nyumba nzima, nawe hukumwuliza mtu. Hilo ni kosa dogo. Kubwa ni kuona tunahangaika, dawa unayo, ukanyamaza. Karibu nisafiri kumlilia mtu mzima wa afya! Umesema, vizuri. Siku nyingine sema kabla sijafungua begi."

Kisha akaelekeza kidole chumbani, kwenye begi lililokuwa kitandani, na Redio akaenda kuzirudisha nguo kabatini, moja moja.