Usizime Taa

Nilitumwa pajama za mjomba, basi. Giza lilikuwa linaanza kuingia nilipofungua nyumba yake, na kilichonipokea ni harufu: maji yaliyolala, na kitu kama mkojo.

Taa zote zinawaka. Sebuleni, jikoni, hadi bafuni. Na mwenye nyumba yuko wodini siku ya nne! Mimi niliyewanyamazisha wenzangu chuoni kwenye mdahalo wa kupoteza umeme, ningepita tu? Nikazima swichi kuu.

Kimya.

Ndipo nikatambua kulikuwa na mngurumo, na umekatika.

Nikamulika kwa tochi ya simu. Kwenye kona ya sebule, ndani ya tangi la kioo, alijikunja mgeni wa mjomba. Ndivyo anavyomwita, mgeni: samaki bapa, mpana kama sinia, mkia kama mjeledi. Fundi wa matangi alikuwa amebandika karatasi: "Tangi ni mita moja na nusu. Anataka mara mbili yake, hapa hata kugeuka hawezi. Anachafua maji haraka. Kichujio kisisimame hata dakika kumi."

Nikapandwa na hasira. Kumbana kiumbe namna hii!

Simu ikaita.

"Mama..." Mjomba, pumzi zinamkatika. "Umezima taa?"

"Zote. Na tutaongea ukitoka."

"Taa akizimika..."

"Ikizimika, mjomba. Taa haina roho."

Akavuta pumzi. Ikabubujika.

"Samaki, mama. Huyo samaki ndiye anayeitwa taa. Roho anayo... yangu."

Nikacheka. Nusu.

Samaki alijiinua, akabandika tumbo kwenye kioo. Huko chini ana sura. Vitundu viwili, na mdomo.

Mdomo ukafunguka.

"Washa," ikasema simu.

Mdomo ukajifumba.

Nikakimbilia swichi. Nyumba ikawaka. Kichujio kikakoroma, kikakohoa... hakikuvuta maji.

"Dada, mimi muuguzi! Mjomba wako anageuka rangi!"

Nikanyakua jagi. Nikachota maji ya tangi, nikayamimina kutoka juu yaingie hewa. Nikachota. Nikamimina.

"Eh! Amerudi," muuguzi akanong'ona.

Nikashusha mkono, kidogo tu.

"Anaondoka tena!"

Nikachota. Namba ya fundi ilikuwa pale pale kwenye karatasi. Mkono wa kumpigia ungetoka wapi?

"Dada," nilimuuliza muuguzi, "atakaa hivi hadi lini?"

"Akiendelea kuhema hivi? Ondoa shaka, mpenzi. Moyo wake mzima kabisa. Huyu ana miaka ishirini mbele yake."

Nikabadilisha mkono.