Uyoga Ambao Bibi Hakuuona

Siku za masika, kijiji cha Kinyala huamkia ndani ya ukungu. Atupakisye alikuwa amezoea. Akiamka huchochea moto, hubandika chai ya maziwa, kisha humwendea mdogo wake Obed, ambaye kila asubuhi alijifanya bado amelala ili abebwe mgongoni hadi jikoni. Baba yao, Hosea, alifanya kazi kwa zamu kiwandani, kule wanakosindika majani ya chai. Mama yao, Prisca, alikuwa mtu wa shamba, viazi na ndizi. Na Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyekuwa akiitawala sufuria.

Masika ni msimu wa uyoga, na katika nyumba ile kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa: uyoga hauingii jikoni mpaka Bibi auone. Bibi aliugeuza, akaunusa, akaupasua shina. Akiwa na shaka hata kidogo, aliutupa chooni.

"Uyoga ni kama mgeni," alipenda kusema. "Usiyemjua kwao, usimlaze kwako."

Shuleni, wanafunzi wa darasa la sita walikuwa wamezua mchezo mpya. Wakati wa mapumziko walishindana nani amekula chakula cha ajabu zaidi. Ikram, ambaye baba yake ana duka mjini Tukuyu, alisema amekula pweza kwa ami yake Dar es Salaam. Mwingine aliwahi kula kungu kutoka Kyela, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopondwa na kukaushwa kama andazi jeusi. Kila mmoja alikuwa na lake.

"Na wewe Atu?" Ikram aliuliza. "Au kwenu ni ndizi na maharage tu mwaka mzima?"

Wenzao wakaangua kicheko. Ikram hakuwa na nia mbaya, lakini neno lile lilimkaa Atupakisye kooni kama mwiba wa samaki.

Jumamosi iliyofuata, Bibi aliondoka asubuhi kwenda Lupepo kumjulia hali kaka yake mgonjwa. Atupakisye alitumwa kuni. Hakuishia pale anapookota siku zote, bali alipanda hadi kwenye misonobari, mahali asipofika mara kwa mara. Na pale, chini ya miti, kwenye majani makavu yaliyolowa mvua, akauona uyoga. Ulikuwa mweupe, mnene, umesimama kwa fahari kama umepangwa. Ule anaouleta Bibi ulikuwa mdogo, wa rangi ya udongo. Huu ulikuwa uyoga wa kusimulia darasani.

Alisita. Kisha akaona mmoja umetafunwa pembeni, na konokono bado yupo juu yake. "Kama konokono anakula na hafi," alijiambia, "basi ni chakula." Akajaza kitenge chake.

Mama aliufurahia, maana siku ile mboga ilikuwa haba. Hata hivyo hakuubandika mara moja.

"Bibi ameuona?"

Swali lilikuwa jepesi. Angejibu "hapana," uyoga ungesubiri, au ungetupwa, na mambo yangeishia hapo. Lakini Atupakisye alikwisha kuiona Jumatatu kichwani mwake, yeye katikati na wenzake wamemzunguka.

"Ameuona, Mama. Nilimkuta barabarani anasubiri gari. Amesema ni mzuri sana."

Mama akauosha, akauunga kwa karanga. Walikula mchana ule kwa ugali. Obed alilamba bakuli, akaomba tena, na Mama akampa sehemu ya fungu lake kwa furaha ya kumwona mtoto anashiba. Atupakisye alikwisha kujaza tumbo mapera njiani, akaonja vipande viwili tu. Baba aliporudi kutoka zamu, sufuria ilikuwa tupu.

Alfajiri ya Jumapili, Obed alianza kutapika. Kabla jua halijatoka Mama naye alikuwa ameinama uani akishika tumbo. Atupakisye alitapika mara moja, kisha akabaki na kizunguzungu. Baba aliita bodaboda, akawapeleka kituo cha afya.

"Mmekula nini jana?" mganga wa zamu aliuliza.

"Ugali na uyoga," Mama alijibu kwa shida. "Lakini uyoga ule aliukagua mama mkwe wangu. Anaujua uyoga kuliko mtu yeyote."

Mganga akamgeukia Atupakisye. "Ndiyo?"

Atupakisye alimtazama Baba. Akatazama sakafu. "Ndiyo," akasema.

Basi mganga akadhani ni maji machafu, maana mvua zilikuwa zimeharibu chemchemi nyingi. Wakawekewa dripu, na kufikia Jumatatu kutapika kulikuwa kumekoma. Obed aliomba chai. Waliruhusiwa kurudi nyumbani, na Atupakisye alimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba siri yake imekwisha salama.

Haikuwa imekwisha. Jumatano asubuhi alimwendea Obed kumwamsha kama kawaida. Safari hii mtoto hakuwa akijifanya. Alipofungua macho, weupe wa macho hayo ulikuwa wa manjano kama ndizi mbivu, na hakumtambua dada yake. Mama naye alikuwa hivyohivyo, amelegea, akilalamika maumivu ubavuni.

Walipelekwa hospitali mjini Tukuyu. Huko ndiko Bibi alikowakuta, akitokea Lupepo na viatu vimejaa tope. Alimkuta pia Mjomba Gidion, kaka yake Mama, amesimama mlangoni mwa wodi na jamaa wengine wa upande wa Mama.

"Mama, umemlisha dada yangu nini?" Mjomba alimwuliza bila hata kumwamkia.

"Sikuwapo, mwanangu. Nilikuwa kwa kaka yangu."

"Prisca mwenyewe amesema uyoga uliupitisha wewe! Mtu anayekata roho atasema uongo?"

"Sikuuona uyoga wowote."

"Basi tujue kwa nini wale wamelala humu, na wewe umesimama," alisema mmoja wa jamaa. Mwingine akatamka neno ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: uchawi. Kijijini, walisema, watu wamekwisha kuanza kuuliza maswali kuhusu bibi kizee yule. Atupakisye alimtazama Baba, akingoja amtetee mama yake. Baba alikuwa ameinamisha kichwa.

Hapo Bibi akageuka, akamtazama mjukuu wake. Atupakisye akaona kwamba Bibi ameelewa kila kitu, na kwamba hatasema. Angesimama pale, mzee mwenye tope miguuni, aitwe mchawi mbele za watu, ili mtoto asiaibike.

"Bibi hakuuona!" Sauti ilimtoka kama kilio. "Mimi ndiye. Niliutoa kwenye misonobari. Mama aliniuliza, nikamdanganya. Kule kituoni nikadanganya tena."

Mlango wa wodi ukafunguliwa na daktari akatoka, Dakta Hadijah, mama wa makamo aliyekuwa amesikia.

"Njoo hapa," alisema. "Uyoga huo ulikuwaje? Niambie yote, usiache kitu."

Atupakisye alieleza rangi, shina, mahali, konokono. Dakta Hadijah alisikiliza, kisha akaanza kutoa maagizo kwa wauguzi upesi upesi. Gari la wagonjwa liliwachukua Mama na Obed kwenda hospitali kubwa Mbeya jioni ileile. Kabla halijaondoka, daktari alimwita Atupakisye na Baba pembeni.

"Sumu ya uyoga wa namna hiyo hula ini," alisema. "Mtu hutapika, kisha hupata nafuu. Nafuu hiyo ni ya uongo. Kuchemsha hakuiondoi sumu, wala konokono si kipimo, maana tumbo lake si lako."

"Ningesema Jumapili, Obed angepona?"

Daktari alimshika bega. "Sijui, mwanangu. Angekuwa na nafasi nzuri zaidi. Siwezi kukuambia vingine."

Obed alifariki Mbeya kabla wiki haijaisha. Mama, ambaye madaktari sasa walijua wanapigana na nini, alipona polepole.

Mazishini, mvua ilinyesha bila kukoma. Baba alimsimamisha Atupakisye mbele ya waombolezaji, akamtaka arudie aliyoyasema hospitali. Aliyarudia yote. Ndipo Mjomba Gidion akapiga magoti kwenye matope mbele ya Bibi, akaomba msamaha. Baba naye akapiga magoti kando yake.

"Ndaga," Bibi alisema, akiwashukuru kwa lugha ya kwao. "Nimewasikia. Inukeni, tumzike mtoto."

Ikram alifika msibani na mama yake. Hakujua la kusema, akaketi tu karibu na rafiki yake. Kule shuleni mchezo ule ulikufa wenyewe.

Mama aliporuhusiwa, alirudi amekonda. Hakumgombeza Atupakisye. Hakumsemesha pia. Alipokea maji kutoka mikononi mwake bila kumtazama, na ukimya ule ulikuwa mzito kuliko fimbo. Mwishowe Bibi akawaita wote wawili jikoni.

"Prisca, mtoto huyu alileta asichokijua," alisema. "Hilo hata watu wazima hulifanya, nasi tungelikamata hapa jikoni. Ndiyo maana ninyi mna mimi. Lakini alichukua jina langu akaufunika uyoga wake nalo, na hapo macho yetu yote yakapofuka. Macho yako, ya mganga, ya mumeo." Akamgeukia mjukuu wake. "Atu, sumu ilikuwa kwenye uyoga, lakini uongo ndio ulioufungulia mlango. Ulipewa nafasi ya kuufunga, ukanyamaza. Ukweli wako uliochelewa umemrudisha mama yako. Ungewahi, huenda tungekuwa wengi zaidi hapa. Utaishi na jambo hilo, wala sitakuambia kwamba litaisha. Ila usilifiche. Mtoto mwenzako akiokota asichokijua, mwambie yaliyotupata. Na kosa likikutoka, liseme siku hiyohiyo, lingali dogo."

"Ndiyo, Bibi."

Bibi akainuka, akatoka nje. Mvua ilikuwa imepungua. Mama alibaki akimenya ndizi za jioni, machozi yakimdondoka juu ya mikono. Baada ya muda mrefu alisogea, akaacha nafasi kwenye mkeka, akasukuma kisu cha pili upande wa binti yake.

Atupakisye akaketi, akachukua ndizi.

"Taratibu," Mama alisema. "Usijikate."