Peupe Katikati ya Ukuta

— Kiongozi, nina swali.

Hashim aligeuka, na kopo la rangi nusura limponyoke. Nyuma ya watalii aliokuwa akiwapandisha kilima asubuhi ile alisimama Nusaiba, pindo la buibui lake limeshika vumbi jekundu la Kwale. Hashim hakuwa amepokea simu zake tangu aliposikia kuwa ameposwa. Sasa Nusaiba alikuwa amekuja mwenyewe kutoka Msambweni, akajiunga na msafara kwenye kona ya msikiti kama mgeni yeyote.

— Uliza, mgeni.

— Mtu akitaka kuuona mtaa huu wote, aanzie wapi?

— Aanzie chini, kama wenzake. Wewe umechelewa.

Beryl, mtalii kutoka Nairobi mwenye kofia pana, alicheka huku akihema.

— Msamehe, bana. Hata mimi hizi ngazi zimenimaliza. Kwani huku hamjui kujenga nyumba mahali tambarare?

Kilima Rangi ndilo jina ambalo vijana wachoraji waliupa mtaa ule uliong'ang'ania mteremko juu ya mji. Hapakuwa na ukuta usiochorwa. Hashim alikuwa amemwahidi Nusaiba mara nyingi kuwa siku atakayokuja atamtembeza kama mtalii, wala hatampunguzia bei. Nusaiba naye alikuwa akicheka kwenye simu, akisema yeye atapanda kilima kile akiwa bibi harusi, si mtalii.

Walipita ukuta wa wanawake wa Kibuyuni wakivuna mwani, leso zao zimelowa hadi kiunoni. Wakapita ukuta wa bibi aliyekalia mbuzi ya nazi, macho yake yakimfuata kila apitaye, na Beryl akasema bibi huyo anafanana na mama mkwe wake. Halafu wakafika kwenye ukuta mkubwa uliojaa miti, nao katikati ulikuwa mweupe.

— Huu ni msitu wa kaya, msitu mtakatifu wa wazee, kule Kinondo, alieleza Hashim. Pale pa ndani kabisa hapachorwi. Wazee walituomba, nasi tukapaacha.

— Swali jingine, kiongozi, alisema Nusaiba. Na mpita njia akiona peupe, akadhani ameachiwa yeye, akapachora atakavyo?

— Basi mwenye ukuta aseme mapema, mgeni. Asingoje mpaka rangi ikauke.

Beryl alishusha simu aliyokuwa akipigia picha. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kisha akawaambia wenzake kuwa ana kiu, na kule juu kuna mtu anauza madafu, waende wote.

Walipobaki wawili, Nusaiba aliegemea ukuta.

— Nilidhani ni wewe, alisema.

— Mimi nini?

— Wale wageni wa Alhamisi. Wewe mwenyewe uliniambia wazee wako watakuja wiki ile. Shangazi Mwanafatuma akaingia chumbani, akasema wageni wako barazani na baba anataka jibu langu. Jina hakulitaja. Nami nikaona haya kuuliza. Nikainamisha kichwa.

— Ukanyamaza.

— Nikanyamaza. Nikatabasamu, Hashim. Nilikuwa nakutabasamia wewe.

Hashim aliketi kwenye ngazi taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo. Alijua, kama watu wote wa kwao, kwamba kimya cha mwanamwali huhesabiwa kuwa ridhaa yake. Shangazi alitoka na furaha, fatiha ikasomwa, na mchumba akawa Nassir, mwalimu wa Kinondo ambaye Nusaiba hakuwahi hata kuzungumza naye. Siku ya pili yake ndipo ami yake Hashim, Mzee Abdurahman, alipofika Msambweni. Alisali kwanza, na mlangoni mwa msikiti akasikia kuwa binti Othman ameshaposwa. Mwislamu haposi juu ya posa ya nduguye. Akageuza, asitie hata mguu nyumbani kwao.

— Ami alirudi na halua aliyokwenda nayo, alisema Hashim. Ikakaa mezani mpaka sisimizi wakaimaliza. Nikasema, kumbe huyu alikuwa akinichezea.

— Nikaha ni Ijumaa hii. Nataka kujua jambo moja tu. Nikisema sitaki, wewe bado wanitaka?

— Mpigie babako sasa. Sema nikisikia. Nami kesho namleta ami.

Nusaiba alitoa simu. Akabonyeza namba ya baba.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu. Uko wapi? Hema limeshasimamishwa. Nimekaa hapa na shangazi yako, twamkumbuka mamako. Nikwambie kitu. Mimi nilikuwa na hofu. Nilikuwa nikisema, mtoto huyu mpole hivi, siku nikifa nani atamsemea? Sasa moyo wangu umetua.

Nusaiba alifungua kinywa. Hashim alikuwa akiitazama midomo yake.

— Nusaiba? Ulikuwa na neno?

Neno lilikuwepo. Halikutoka. Machozi ndiyo yaliyotoka.

— Haya, mwanangu, usilie. Nimekufahamu, alisema baba kwa upole, akakata simu.

Hashim alisimama, akalichukua kopo lake.

— Umeshamjibu. Hii ni mara ya pili.

— Nipe muda kidogo, nakuomba.

— Mke wa mtu simpigii simu, Nusaiba. Namba yako naifungia leo. Si kwa chuki.

Aliangalia juu walikokwenda wageni wake.

— Wananingoja, alisema, akapanda.

Ijumaa baada ya sala, Mzee Othman aliingia chumbani na mashahidi wawili. Nusaiba alikuwa amekaa kitandani, kajifunika leso ya kisutu, mikono ina hina na wino mweusi wa piko. Baba aliuliza kama ada ilivyo, amridhia Nassir bin fulani amuozeshe? Chumba kikawa kimya. Shangazi Mwanafatuma alikuwa ameshajaza pumzi ya kigelegele, na shahidi mmoja alikuwa ameshageukia mlango.

— Hapana, baba.

Ilikuwa sauti ndogo mno, ikambidi arudie.

— Hapana. Sijaridhia. Wala siku ile sikuridhia, niliona haya tu.

Baba alibaki ameushika mlango. Huko nje, Nassir alipopata habari aliinuka kwa heshima, akasema haolewi mtu kwa kukosa kusema, akaondoka na watu wake. Pilau ililiwa na wanafunzi wa chuo cha Kurani. Nusaiba akaandika ujumbe akiwa bado na hina mbichi:

“Nimesema. Kwa mdomo wangu, mbele ya mashahidi.”

Ukaweka tiki moja. Tiki ya pili haikuja.

Tangu siku hiyo baba na binti hawakuzungumza ila salamu na chakula. Ramadhani ikaingia, ikatoka. Idi ikapita. Kisha asubuhi moja Mzee Othman alivaa kofia yake ya vito, ile iliyodariziwa kwa mkono, akamwambia Nusaiba ampeleke Kwale. Alitaka kuuona huo mtaa ambao alisikia bintiye aliupanda siku chache kabla ya nikaha.

Waliupanda kama watalii. Aliyewaongoza alikuwa msichana mchoraji. Yeye ndiye aliyewaambia kuwa Hashim aliondoka Ijumaa ile ile kwenda Tanga, huko anachora kuta za shule. Baba alisimama mbele ya ukuta wa kaya kwa muda mrefu, akipatazama pale peupe.

— Kuna jambo ilinipasa kukuuliza siku ile, alisema. Sikukuuliza. Jina lake nani?

— Hashim, alisema Nusaiba, wazi kabisa.

— Namba ya ami yake unayo?

Si ada mzazi wa upande wa kike kutangulia. Mzee Othman alilijua hilo, akapiga hivyo hivyo, amesimama, kofia mkononi.

— Assalaam alaykum, Abdurahman. Ni Othman wa Msambweni. Binti yangu hakuolewa. Nami sioni aibu kukwambia kuwa mlango wangu uko wazi kwa mwanao.

Upande wa pili palikuwa kimya. Mzee aliibana simu sikioni.

— Sikusikii, ndugu yangu. Sema kwa mdomo.

Alisikiliza. Akashukuru, akaombea heri, akaitia simu mfukoni mwa kanzu. Aliyatazama mabati ya nyumba za chini. Hakumtazama binti yake.

— Baba?

Hakujibu. Nusaiba akamshika mkono.

— Sema, baba. Kimya mimi sikiwezi tena.

— Ameoa, mwanangu. Baada ya Idi. Alidhani nawe umeshaolewa, na hakutaka kuuliza.

Mzee aliketi kwenye ngazi, kofia magotini. Juu yao, yule msichana aliuliza kama wageni wanaendelea au wanarudi.

— Tunaendelea, alijibu Nusaiba, kwa sauti iliyofika mpaka juu. Akampangusa babake machozi kwa ncha ya mtandio, akamwinua.