Mkate wa Ilídio

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni kwenye mtaa niliozaliwa. Ribeira, mjini Porto, kando ya mto Douro: nyumba nyembamba zilizobanana, ngazi za mawe zinazoteleza, na nguo zetu zimeanikwa madirishani. Wageni wanazipenda mno hizo nguo. Wanapiga picha mpaka chupi za bibi za watu, halafu wananiuliza kama tunazianika kwa ajili yao. Mimi hucheka tu, ndiyo kazi yenyewe.

Jioni ile ya Machi ukungu ulishuka mapema. Daraja la chuma lilionekana nusu, na ng'ambo ya mto, kwenye maghala ya mvinyo, taa zilikuwa zimefifia. Nilitaka kumaliza upesi nikanywe supu yangu. Kundi lilikuwa dogo, na ndani yake alikuwemo bwana mmoja mrefu wa nchi za kaskazini, mwenye ndevu za manjano. Jina lake Henning. Alikuwa mmoja wa wale wageni wanaogusa kila kitu: kengele za milango, paka wa watu, samaki wa kwenye meza ya muuzaji. Mkewe, Birgit, alimfuata nyuma akituomba radhi.

Nilikuwa nawaonyesha alama za mafuriko ukutani, jinsi mto ulivyowahi kupanda mpaka juu ya milango. Nikasikia Henning anacheka nyuma yangu. Alikuwa ameshuka peke yake kwenye ngazi za gati, mpaka kwenye maji.

"Tazameni. Kuna mtu ametuwekea keki ya kuzaliwa."

Mkononi alishika mkate. Mkate wa mahindi, mzima, umelowa chini. Katikati umechomekwa mshumaa. Unawaka.

Niliyaacha maelezo yangu katikati.

Nilimjua mwenye mkate ule. Ulikuwa wa Bi Zulmira, jirani yangu wa ghorofa ya chini. Mwanawe Ilídio alifanya kazi kwenye boti za watalii, na mwezi wa Februari aliteleza akifungua kamba, akaingia mtoni. Wazamiaji walitafuta wakachoka. Bi Zulmira hakutaka kingine duniani ila mwili wa mwanawe, amlaze karibu na baba yake. Mimi na Ilídio tumelelewa ngazi moja. Alikuwa akiniita Kidomodomo tangu sijaota meno ya mbele, na kila akishuka kwenye boti alikuwa akigonga ubao mara mbili, ko, ko, kama anayeaga.

Huku kwetu mtu akizama asionekane, tunachukua mkate mzima, tunauchomeka mshumaa uliobarikiwa kanisani, tunauachia majini. Utakaposimama wenyewe, hapo ndipo alipo. Ila una sharti lake: usiguswe na mtu. Aliyezama anaufuata ule mkate. Ukiuchukua, umemchukua na yeye.

Kwa hiyo nikashuka zile ngazi taratibu, kama unavyomwendea mtoto aliyeshika kisu.

"Bwana Henning, urudishe tafadhali. Uweke majini polepole."

"Ni desturi yenu?"

"Ndiyo. Urudishe."

Akautazama. Akatabasamu. Akauzima mshumaa kwa pumzi moja, halafu, Mungu wangu, akamega kipande akatia mdomoni.

"Una chumvi," akasema.

Akatafuna. Akatafuna tena... kisha taya likasimama.

Harufu ikapanda kutoka majini. Matope, dizeli, kamba iliyooza. Wenzake wakaziba pua. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa anatazama miguu yake.

"Viatu vyangu vimejaa maji."

"Hujakanyaga maji, Henning," mkewe akamwambia.

Alikuwa ameshageuka. Akatia mkate kwapani, vile wanaume wa mtaani kwetu wanavyopeleka mkate nyumbani, akapanda ngazi akatupita. Nikawaambia wengine wakaningojee kwenye mgahawa wa kona. Birgit akanishika mkono.

"Kimemuingia nini?"

"Namrudisha sasa hivi," nikasema. Sikuwa na uhakika hata kidogo.

Nilimfuata kwenye kichochoro. Mvua haikuwa imenyesha, lakini kila alipokanyaga paliachwa unyayo wa maji, na ndani ya maji tope jeusi. Alikunja kona bila kutazama vibao. Alipofika kwenye nyumba yetu hakusita.

Mlango wetu wa chini ni mbovu, umevimba kwa unyevu. Mgeni huusukuma mpaka achoke. Sisi wenyewe tunaunyanyua kwa bega na kuupiga teke pembeni, pale chini.

Akaunyanyua kwa bega. Akaupiga teke, pale chini.

Ningeweza kurudi nyuma, lakini kule ndani alikuwa mama mzee peke yake, na mimi nilikuwa nimeahidi kurudi na mume wa mtu.

Bi Zulmira alikuwa jikoni, ametugeuzia mgongo, anakoroga supu ya sukuma na viazi. Henning alikuwa ameshakaa kwenye kigoda cha nyuma ya mlango. Kigoda cha Ilídio. Mkate ameuweka mapajani. Maji yanamchuruzika mikononi.

"Bado supu, mama?"

Alisema kwa lugha yetu. Si ya vitabuni, ya hapa hapa Ribeira, ya kumeza maneno. Mchana ule nilikuwa nimemfundisha kusema ahsante, ikamshinda.

Halafu akanigeukia.

"Kidomodomo, funga mlango. Baridi."

Nikaufunga. Mkono wenyewe ulifunga.

Bi Zulmira aligeuka polepole, upawa mkononi. Alimtazama yule mtu, zile ndevu, lile koti la mvua la bei mbaya. Kisha akauona mkate.

"Nani kaumega?" akaninong'oneza.

"Yeye."

Akaweka upawa chini. Akamsogelea, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamnusa utosini kama unavyomnusa mtoto mchanga. Akabaki hivyo.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Chini ya gati la zamani. Kamba imenishika mguu." Sauti ilikuwa ya chini, ya maji maji. "Kuna giza, mama. Mama... nimechoka na giza."

Nilikuwa nalia, lakini nilimkumbusha mama yake desturi ya mkate. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha nikiwa mdogo.

"Bi Zulmira, mkate umebaki mwingi. Tuuwashe tena mshumaa, tuurudishe mtoni. Ataufuata. Kesho wazamiaji wataenda pale pale alipokutajia, utampata umzike. Si ndicho ulichokuwa unakitaka?"

"Ndicho nilichokuwa nakitaka," akasema. "Nilikuwa nadhani hakuna kingine cha kutaka."

Akauchukua mkate mapajani mwake. Nikadhani anausogeza mlangoni. Akachukua bakuli.

"Mama, usifanye hivyo," nikamwambia. "Ukiliwa wote hatakuwa na cha kufuata. Huyu mtu ana mke wake kule chini."

"Na mimi nina mwanangu hapa."

Akaanza kuumega ndani ya bakuli. Kipande, kipande. Akamimina supu juu.

Hapo uso wa yule bwana ulibadilika. Macho yalinitafuta, yakaniona. Alikuwa Henning mwenyewe, yule wa kugusa paka. Midomo ilikuwa imegeuka buluu, na alisema kwa lugha yake, kwa sauti ndogo sana:

"Tafadhali. Sioni pa kutokea."

Nikaruka kulinyakua lile bakuli. Bi Zulmira alinichapa upawa kiganjani, kwa nguvu ambazo mwanamke wa umri ule hana. Alikuwa amemshika kidevu tayari.

"Kula, mwanangu. Ule umalize."

Akala. Alimlisha kijiko baada ya kijiko, na kila kijiko kilipoingia, yale macho yalizidi kwenda mbali, mpaka hakukuwa na mtu anayenitazama. Makombo ya mwisho aliyapangusa bakulini kwa kidole.

Maji yakaacha kumchuruzika.

Akainuka, akajinyoosha, akambusu mama yake mikono yote miwili. Alipotoka aligonga ubao wa mlango.

Ko. Ko.

Kwenye mgahawa Birgit alimpokea kwa maneno makali. Yeye akamwekea koti lake mabegani, akamwomba radhi kwa lugha yao; ulimi ulikuwa bado unaijua. Mwanamke wa watu akalishika koti, akamkodolea macho. Ilikuwa wazi hajazoea.

Asubuhi niliwaambia wazamiaji watazame chini ya gati la zamani. Wakamtoa Ilídio, kamba imemzonga mguu kama alivyosema. Tulimzika karibu na baba yake. Bi Zulmira hakutoa chozi, na watu wakasema uchungu umemkausha.

Siku Birgit na mumewe walipoondoka nilienda mpaka kwenye teksi yao. Sijui nilitaka nini. Pengine nilitaka kumwona Henning anagusa kitu asichotakiwa kugusa. Birgit alinivuta pembeni, mashavu yamempanda wekundu.

"Sijui mmemfanya nini mume wangu hapa. Jana alinishika mkono njia nzima. Anataka tuhamie karibu na bahari, anunue boti."

Nikamtakia safari njema. Mumewe alipita karibu yangu na mabegi yote, hakunitazama.

"Niangalizie mama, Kidomodomo."

Akagonga bati la teksi mara mbili, akaingia.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini jioni moja baada ya mazishi natoka kazini, nikamkuta Bi Zulmira kwenye ngazi za gati. Amepiga magoti kwenye jiwe la mwisho. Kando yake mkate mpya wa mahindi, na mshumaa.

"Mama," nikamwambia, "Ilídio tumeshamzika."

"Najua nimemzika nani." Hakugeuka. Alipiga kiberiti, kikamzimikia. "Huyu mwingine mama yake yuko mbali. Hajui hata kwamba amempoteza. Nani atamwekea mkate?"

Nikamwashia mimi.

Akauachia. Maji yalikuwa yanakupwa, na mto wetu ukikupwa kila kitu kinaelekea baharini: majani, chupa, povu. Mkate haukwenda. Ulizunguka taratibu, mwali umesimama wima ndani ya ukungu, ukarudi. Ukaja mpaka kwenye jiwe lile, ukasimama miguuni petu.

Tukasubiri. Chini ya mkate kitu kikapumua, mapovu machache tu. Bi Zulmira alifumba macho akaanza kuomba msamaha kwa lugha ambayo yule wa chini haijui.

Anauweka kila jioni mpaka leo, na kila jioni unasimama pale pale. Mimi kundi langu nalipitisha mbali na ngazi zile. Wakiniuliza kwa nini, nawaambia zinateleza. Lakini ukungu ukishuka mshumaa unaonekana vizuri sana, na hakosekani mgeni mmoja anayeachana na wenzake ili ashuke kuupiga picha.